Re: Doa la AB Doradus linahama kila nikiendesha programu

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini latitudo ya doa (eneo lenye giza) kwenye nyota AB Doradus inabadilika kila ukirudia kuendesha programu yako ya kukadiria mahali pa doa, ilhali grafu ya mwanga (mwangaza wa nyota kadiri muda unavyopita) inakaa sawa: programu yako haina kosa. Mwanga peke yake unakupa longitudo tu, si latitudo. Doa kubwa karibu na ncha na dogo karibu na ikweta hufifisha nyota karibu sawasawa.

Kwanza angalia mwinamo wa mhimili wa nyota ulioweka kwenye programu. Ufunge kwenye digrii 60, usiiachie programu iubadilishe. Mimi niliuacha huru, nikamaliza wiki nzima nikifukuza doa lililokimbilia nchani, loh! Kipindi cha nyota kujizungusha mara moja nacho kiwe siku 0.514.

Ukitaka latitudo ya kweli, tafuta spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake). Nyota hii inazunguka mbio, takriban kilomita 90 kwa sekunde, hivyo kila doa huacha kinundu kinachotambaa ndani ya mstari wa spektra: cha ikweta huvuka upana wote, cha karibu na ncha hubaki katikati.