Anza na maji: namna ninavyoutazama mchoro wa Sisley

Mara ya kwanza nilipoingia Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa jijini Paris, nilipanda hadi ghorofa ya tano waliko Waimpreshonisti, wachoraji wa karne ya 19 walioshika mwanga wa papo hapo kwa miguso ya haraka ya brashi, nikapiga picha kila mchoro kwa simu, nikashuka baada ya nusu saa. Usiku nikizipitia picha zile, sikuwa na kumbukumbu ya hata mmoja. Iliniuma sana, maana nauli niliidunduliza miaka miwili.

Kwa hiyo nakushauri uchague mchoro mmoja, ukae nao. Niliporudi, nilichagua mafuriko ya Port-Marly yaliyochorwa na Alfred Sisley mwaka 1876, mto Seine ulipofurika ukaingia kijijini. Si mkubwa, sentimita 60 kwa 81 tu. Kushoto kuna nyumba ya muuza mvinyo imesimama majini, na mbele yake mashua ndogo.

Nyumba iache kwanza. Anza na maji. Ukisogea karibu utaona miguso mifupi ya brashi, kijivu, buluu, kahawia, na manjano kidogo ya ukuta, kila rangi imekaa peke yake. Rudi nyuma hatua nne tano: rangi zilezile zinakuwa maji yanayosogea taratibu. Nenda, rudi, nenda tena. Mimi ni mara ya tatu ndipo nilipogundua jinsi mawingu yalivyotawala mchoro, na kwamba mwanga ulioko majini umeshuka kutoka kwao.

Kisha watafute watu. Ni alama ndogo nyeusi, hawana nyuso. Hakuna anayelia wala kukimbia. Maji yamejaa barabarani, nao wamo kwenye mashua wakiendelea na shughuli zao. Hapo ndipo nilipompenda Sisley. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vilimfilisi baba yake, naye akahangaika na fedha hadi alipofariki 1899. Wakati wa mafuriko alikuwa akiishi Marly-le-Roi, jirani kabisa, na alirudi kuyachora zaidi ya mara moja. Orsay wana mchoro wake mwingine wa mafuriko hayohayo. Ukiukuta ukutani, tazama alivyoisogelea nyumba ileile.

Jumatatu makumbusho hufungwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, lakini watu hujaa. Nenda Alhamisi jioni, wanapochelewa kufunga, na simu ikae mfukoni mpaka umalize.