Re: Nampataje babu kwenye magazeti ya zamani, kimbunga cha Lindi 1952

Salama mkuu, pole sana. Umesema babu yako alizama na jahazi siku ya kile kimbunga na magazeti ya wiki ile umeyapekua yote hujaona jina.

Kwanza angalia umeishia tarehe ngapi, kimbunga kilipiga 15 Aprili na habari za huku kusini zilikuwa zinachelewa kufika Dar, kwa hiyo Tanganyika Standard shuka nalo mpaka Mei. Mambo Leo lilikuwa la kila mwezi, lile usiliache, chukua la Mei na la Juni.

Halafu usitafute jina. Mimi nilimtafuta mjomba wangu aliyepinduka na lori njia ya Nachingwea, siku mbili nzima niko Maktaba Kuu pale Dar macho yananiuma, kumbe wameandika "dereva na utingo wake" basi, nikamjua kwa mzigo, magunia ya korosho na cherehani moja, ile cherehani bibi aliisema mpaka anakufa. Nililia palepale mezani.

Waulize wazee jahazi lilibeba nini na nahodha alitokea wapi, ndo urudi kusoma.