Usifungue anwani hizo tano: ghala langu lilifutika kwenye ramani kwa ushauri huohuo

Ndugu yangu, umeuliza mambo manne kwa mpigo: namna ya kupanga tovuti ya ghala lako, picha zipi uweke, kama matangazo ya kulipia yana faida, na kama ukubali pendekezo la yule "mtaalamu" anayetaka kukufungulia wasifu tano za biashara kwenye Google (ule ukurasa mdogo wa jina, anwani na maoni unaotokea kwenye ramani), kila mmoja na anwani yake, ili ghala lako moja lionekane katika kila pembe ya mji. Hilo la nne nimelisoma mara mbili, kisha nikaenda kunywa maji. Jibu ni hapana, na usimpe nafasi ya kukueleza upya, kwa sababu watu hawa hueleza vizuri kuliko wanavyofanya kazi.

Nami nilielezwa vizuri, na mtaalamu wangu mwenyewe. Niliambiwa kwamba mtu anapotafuta huduma iliyo karibu naye, matokeo hupangwa kwa vigezo vitatu: jinsi biashara inavyolingana na alichokitafuta, umbali wake kutoka alipo, na umashuhuri wake. Hayo ni kweli kabisa, na Google wenyewe wameyaandika katika maelekezo yao. Uongo ulianza pale alipodai kwamba, kwa kuwa umbali una uzito, basi tuusogeze huo umbali. Ghala langu liko pembezoni, mahali ambapo malori yanageuka bila shida na hakuna apitaye kwa miguu. Kwa hiyo tukakodi anwani nne katikati ya mji, zile za ofisi ambazo unalipia kupokelewa barua tu, na kila moja ikaitwa tawi. Jina nalo akalinenepesha. Badala ya maneno mawili yaliyoandikwa kwenye kibao cha getini, wasifu zote zikabeba jina la biashara likifuatiwa na "kuhifadhi mizigo, ghala la kukodi, stoo nafuu, karibu nawe", mkokoteni mzima wa maneno. Nilipouliza kama inaruhusiwa, alicheka kidogo na kusema kwamba kila mtu anafanya hivyo. Nikalipa. Mimi ninayeweza kutofautisha chaga ya mbao na ya plastiki gizani kwa mlio wake tu ikiburutwa, nikashindwa kutambua kwamba nauziwa maghala manne ya hewa.

Kwa majuma machache simu ziliongezeka, na hilo ndilo lililonipumbaza zaidi. Kisha asubuhi moja dereva wa lori akanipigia kwamba amefika. Nikatoka getini, sikumwona. Akasema yuko mbele ya jengo la ghorofa, amebeba makabati na friji mbili za mteja, makuli wameshaanza kushusha, na dada wa mapokezi wa ghorofa ya tatu anamwambia kwamba pale hawapokei kitu kikubwa kuliko bahasha. Nilimwelekeza hadi kwangu, nikamlipia mteja safari ya pili, nikaomba radhi kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Haikusaidia. Mteja aliandika maoni ya nyota moja, akaambatanisha picha ya ngazi za jengo lile na friji zake zimesimama chini yake kama wageni waliokosa mwenyeji. Picha ilipigwa vizuri, hilo nakiri.

Siku chache baadaye wasifu zote tano zilisimamishwa, pamoja na ule wa kweli. Maoni ya wateja niliyoyakusanya kwa miaka, mmoja baada ya mwingine, nikiyaomba wakati ninapomkabidhi mtu funguo zake, yalitoweka machoni pa watu siku hiyohiyo. Mteja wa zamani aliyetafuta jina langu ili apate njia alionyeshwa ghala la jirani, na jirani, kwa uungwana wake, alimpokea.

Nilikata rufaa, na sehemu hii naomba uisome taratibu. Ukishafungua fomu ya ushahidi, unapewa dakika 60 za kupakia nyaraka zako. Mimi niliifungua kwanza, ndipo nikaanza kupekua makabrasha huku saa ikienda, na kila nilichokishika kilinishtaki: cheti cha usajili kilikuwa na jina fupi, kibao cha getini kilikuwa na jina hilohilo fupi, na bili ya umeme ilikuwa na jina la mwenye kiwanja. Lile jina refu halikuwepo mahali popote duniani isipokuwa kwenye ramani. Rufaa ilikataliwa, wala siwezi kusema nilionewa, kwa kuwa maelekezo ya Google yako wazi: jina liwe lile linalotumika katika biashara yenyewe, sanduku la posta halikubaliki kuwa mahali pa biashara, na anwani iliyokodiwa kwa ajili ya barua tu, bila shughuli zako kufanyika hapo, haistahili kuwa na wasifu. Yangeweza kunigharimu robo saa ya kusoma. Mtaalamu wangu naye simu yake ilikuwa imezimwa kwa siku kadhaa, na alipopatikana alinishauri tufungue wasifu wa sita.

Ilinibidi nifute matawi yote ya uongo, nirudishe jina fupi, nipate bili yenye jina langu, kisha niombe upya. Nilipotakiwa kuthibitisha kwa video, nilirekodi mfululizo bila kukata, kuanzia barabarani, kibao, geti, mkono wangu ukifungua kufuli, mpaka kwenye rafu za ndani. Tangu hapo nina kanuni moja ambayo sitaibadilisha hata nikiamshwa usiku: lisiloweza kuonekana katika video ile moja halipaswi kuandikwa kwenye wasifu.

Kanuni hiyo imenitatulia hata mambo ambayo sikuyatarajia. Saa za kazi, kwa mfano. Nilikuwa nimeandika kwamba tupo wazi saa 24 kwa sababu mlinzi halali, na watu wakawa wanakuja usiku wa manane kuulizia ukubwa wa vyumba kwa mlinzi ambaye kazi yake ni tochi. Kumbe maelekezo yanataja maghala ya kuhifadhia waziwazi: andika saa za ofisi, na kama huna ofisi, andika saa za geti. Kategoria, yaani aina ya biashara unayoichagua kwenye wasifu, ni vivyo hivyo. Unaruhusiwa moja kuu na nyingine hadi 9 za ziada, lakini ghala la kupokea shehena za wafanyabiashara ni jambo moja, na vyumba ambavyo mtu anajifungulia mwenyewe ni jingine. Ukichagua usichonacho, utapokea simu za watu usioweza kuwahudumia. Picha pia: ya kwanza iwe geti jinsi dereva atakavyoliona akiwa juu ya lori. Maoni yaombe kwa wateja halisi, bila kuyanunua wala kuyabadilisha kwa punguzo.

Umesema kwamba mtaalamu wako anakuja kesho kuchukua jibu pamoja na nenosiri. Nenosiri asipewe; kama kuna kazi halali ya kufanya, umwongeze kama meneja, nawe ubaki mmiliki. Lakini kabla hajafika, leo kabla jua halijazama, simama barabarani na simu yako, washa kamera, tembea hadi getini, fungua kufuli, ingia ndani, usikate. Kisha mtumie video hiyo, umwombe akurudishie nyingine nne za namna hiyo kutoka kwenye zile anwani zake.