Tiba za majaribio za mesotelioma: tuanzie wapi?

Swali: Daktari, baba yangu ana mesotelioma, saratani ya utando wa pafu. Alimaliza kemo (dawa za kuua seli za saratani) ya pemetreksedi na sisplatini, lakini uvimbe umeanza kukua tena. Tunashauriwa tutafute tiba za majaribio. Zipi za kuaminika? Na tukikubali, hawatampa dawa bandia, ile isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu?

Jibu: Poleni kwa kumuuguza mzee. Kabla ya yote, tafuteni ile ripoti ya maabara ya kinyama alichokatwa, muone aina ya seli: epithelioidi, sakomatoidi, au mchanganyiko wa zote mbili. Yapo majaribio yanayompokea au kumkataa mgonjwa kwa neno hilo tu.

Uzito wa aina ya seli unaonekana kwenye nivolumabu na ipilimumabu, dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Marekani iliziidhinisha Oktoba 2020, zianzwe badala ya kemo kwa wasiofaa kupasuliwa. Kati ya wenye sakomatoidi au mchanganyiko, nusu ya waliopewa dawa hizo waliishi hadi miezi 18.1, nusu ya waliopewa kemo 8.8. Kwa epithelioidi pengo lilikuwa dogo sana.

Baba yenu ameshapita kemo, kwa hiyo utafiti unaomhusu zaidi ni ule wa Uingereza, nivolumabu peke yake kwa wagonjwa 332 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia. Nusu waliishi hadi miezi 10.2, na wenzao wa dawa bandia 6.9. Kama hajawahi kupewa dawa za kinga, muulizeni daktari wake juu ya hizo kwanza, ndipo mhangaikie majaribio.

Mtasikia pia pegargiminasi, inayounyima uvimbe arginini, kirutubisho unachokihitaji, ili ufe njaa. Ilisogeza uhai kutoka miezi 7.7 hadi 9.3, lakini iliambatana na kemo ya kwanza na haikuwahusu wenye epithelioidi. Seli T, yaani seli za kinga za mgonjwa, zinazofundishwa maabara kutambua mesothelini, protini iliyo juu ya seli za uvimbe, kisha kurudishwa mwilini zinanivutia kuliko zote, ila bado ziko hatua za awali, kwa wagonjwa wachache.

Majaribio mengine huanguka, tena makubwa. Tremelimumabu, nayo dawa ya kinga, ilipewa nafasi kwa wagonjwa 571 na haikuishinda dawa bandia.

Ndiyo, dawa bandia inawezekana, hasa pale ambapo kemo imeshatumika na hakuna tiba nyingine iliyothibitika ya kulinganisha nayo. Lakini ni lazima iandikwe kwenye fomu ya ridhaa, na baba ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Fomu hiyo msomeeni taratibu, aulize mwenyewe. Anayewadai fedha nyingi kwa dawa "ya majaribio" bila fomu wala kibali cha kamati ya maadili, huyo anauza, hafanyi utafiti.

Jambo la mwisho ni nguvu za mzee. Majaribio mengi hutaka mtu anayejihudumia mwenyewe. Kama maji yamejaa kifuani yanamkosesha pumzi, yatolewe sasa, msisubiri jibu la jaribio.