Maswali na Majibu: Kufundisha kwa Lugha Zaidi ya Moja Chuo Kikuu

Nikiwaruhusu wanafunzi kujadiliana kwa lugha yao wakati somo ni la Kiingereza, sitashusha kiwango?

Hapana, mradi uamue lugha ipi inafanya kazi gani. Kinachoharibu kipindi ni kutafsiri kila sentensi: nusu ya muda inaliwa, na wanafunzi hawaisikilizi tena lugha ya kwanza kwa kuwa wanajua ya pili inakuja. Toa mhadhara kwa dakika 20 hivi, kisha wape swali moja gumu walijadili dakika nane, watatu watatu, kwa lugha wanayoimudu. Jibu waliandike kwa lugha ya somo. Aliyekariri bila kuelewa atakwama hapo hapo, nawe utamwona. Mwanaelimu Cen Williams wa Wales aliupa utaratibu huu jina la "trawsieithu" (kwa Kiingereza "translanguaging") miaka ya 1990: mtu apokee maarifa kwa lugha moja, ayatoe kwa nyingine. Asiye na mwenzake wa lugha mpange kwenye kundi linalojadili kwa lugha ya somo, asikae peke yake.

Tulitoa mtihani kwa lugha mbili. Wanafunzi wakalalamika kuwa toleo moja lilikuwa rahisi.

Huenda wana haki. Mara nyingi mtihani hutungwa ukakamilika, ndipo mfasiri anapokabidhiwa siku za mwisho. Mtunzi na mfasiri wakae pamoja kabla ya mtihani kwenda kwa mhakiki, kwa sababu tafsiri hufichua maswali yenye utata hata katika lugha ya kwanza. Angalieni hasa vitenzi vya maagizo. Toleo moja likisema "jadili" na jingine "taja", mmoja ataandika kurasa mbili na mwenzake mistari minne, na kila mmoja atakuwa ametii alichoambiwa. Kagueni pia ukanushi, vipimo na alama ya desimali. Kisha mhadhiri ambaye hajaona toleo la kwanza ajibu la pili peke yake. Majibu yake yakikosana na mwongozo wa usahihishaji, rekebisheni swali, msimlaumu yeye. Wanafunzi wapewe matoleo yote mawili bega kwa bega, na wasahihishaji wa kila lugha wabadilishane sampuli ya karatasi kabla ya kuanza kutoa alama.

Tutengeneze kamusi ya istilahi kwanza?

Msisubiri kamusi. Istilahi 30 au 40 za muhula mmoja zinatosha, kila moja na fasili fupi na mfano. Zitumike kwenye slaidi, mazoezi na mtihani bila kubadilishwa. Istilahi inayoishia kwenye orodha haimsaidii mtu.

Sera yetu inasema chuo "kinathamini lugha zote". Inakosa nini?

Inakosa karibu kila kitu cha kutekelezeka. Itaje lugha ya mihadhara, ya mitihani, ya tasnifu na ya ofisi, kila moja peke yake, pamoja na tarehe, msimamizi na fungu la fedha. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal cha Afrika Kusini, kwa mfano, kiliweka sharti la kujifunza Kizulu kwa wanaoanza shahada ya kwanza kuanzia 2014. Sharti la namna hiyo linaweza kupimwa. Na saa za kutafsiri ziingizwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri. Zisipohesabiwa, kazi yote huangukia wachache wanaojua lugha zote mbili, na hao ndio huchoka kwanza.

Tasnifu iandikwe kwa lugha ipi?

Ile ambayo msimamizi na watahini wote wanaisoma vizuri. Thibitisheni majina ya watahini kabla ya pendekezo la utafiti kupitishwa.