“Anataka” au “ana taka”? Nafasi zinazozuka XML ikigeuzwa kuwa HTML

Swali: Nina matini ya Kiswahili katika XML, yaani matini iliyowekewa tegi (alama kama <neno> na </neno>) za kuonyesha sehemu zake. Kila neno lina tegi ya neno, na ndani yake viambishi na shina vina tegi zao, kila moja kwenye mstari wake. Nikigeuza kuwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, “Juma anataka kazi,” inatokea “Juma ana taka kazi ,”. Je, naweza kuiacha hivyo?

Jibu: La, usiiache. Kitenzi cha Kiswahili huandikwa pamoja na viambishi vyake: anataka, hawatatufundisha. Ukikitenga, Juma hatafuti tena kazi, ana uchafu. “Anajua” nayo ikigawanyika, mtu anakuwa na jua! Kikagua tahajia hakitakuonya, kwa sababu kila kipande ni neno halali.

Chanzo ni mstari mpya ulio kati ya tegi. Kwa XML, huo ni herufi kama herufi nyingine; kivinjari nacho, kikionyesha HTML, hugeuza mfululizo wa mistari mipya na nafasi kuwa nafasi moja.

Tafadhali usisahihishe kwa kutafuta na kubadilisha ndani ya HTML. “Ana kazi” ni sahihi, “ana taka” huenda ni kosa, na kompyuta haina la kuzitofautishia. Mpaka wa neno unajulikana kwenye XML, kwa hiyo tengeneza huko. Kama unatumia XSLT, lugha ya kugeuzia XML, andika:

<xsl:strip-space elements="neno"/>

Agizo hili huondoa nafasi tupu, pamoja na mistari mipya, zilizo moja kwa moja ndani ya tegi ya neno. Usiweke nyota (*), yaani tegi zote, mahali pa “neno”, wala usiiongeze tegi ya sentensi: nafasi tupu kati ya maneno zitafutika pia, upate “Jumaanatakakazi”. Kama mistari mipya imo ndani ya shina lenyewe, pamoja na herufi zake, agizo hilo halitaigusa. Hapo tumia normalize-space(), amri ya XSLT inayoondoa nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni mwa matini.

Mkato hushikamana na neno linaloutangulia, nafasi huja baadaye. Basi kwenye XML uandike mara tu baada ya </neno>, bila kuruka mstari. Mstari ukiwa mrefu mno, ukate ndani ya tegi yenyewe, kabla ya alama ya >, kwa kuwa nafasi ya hapo haihesabiwi kuwa sehemu ya matini.

Kisha zima upangaji wa mistari wa kihariri chako, la sivyo kitarudisha nafasi zilezile kila unapohifadhi faili.