Mita 400 mara 100: Zátopek alifanyaje?

SWALI: Kocha, shikamoo. Nafundisha riadha sekondari huku Mbulu. Vijana wangu wa mita 5,000 wamesikia kwamba Emil Zátopek wa Czechoslovakia alikuwa akikimbia mita 400 mara 100 kwa siku, nao wanataka kujaribu. Ni kweli? Mimi niwape mara ngapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ni kweli, ila wasimuliaji huacha mambo mawili. Mia hizo alizigawa, 50 asubuhi na 50 mchana. Tena ilikuwa 1954, yeye ana miaka 31, ameanza kukimbia tangu 1941 akiwa kijana wa kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín, na ana dhahabu nne za Olimpiki. Tatu kati ya hizo alizitwaa Helsinki 1952 ndani ya siku nane: 10,000, 5,000, kisha maratoni, ambayo hakuwahi kuikimbia kabla.

Vijana wako watazame zaidi Zátopek wa 1948, alipokuwa akijiandaa kwa Olimpiki ya London. Zoezi lake kubwa lilikuwa 200 mara tano, 400 mara 20, halafu 200 mara tano tena. Hizo ni kilomita 10 za kasi. Na kati ya mbio moja na nyingine hakusimama; alikimbia polepole mita 200, kisha akaondoka tena.

Hapo kwenye mita 200 ndipo ninapokuomba utie mkazo. Nimewaona vijana wengi wakimaliza 400 wanashika magoti, wengine wanajilaza kwenye majani dakika nne nzima. Mapigo ya moyo yanashuka kabisa, na kila raundi inakuwa kama ya kwanza. Ukipumzika huku unakimbia polepole, moyo unabaki juu, na mwili unajifunza kurudisha pumzi ukiwa bado unafanya kazi. Ndiyo faida ya mazoezi ya vipindi, yaani kukimbia kwa kasi na polepole kwa kupokezana.

Matunda yake yalionekana 1954 hiyohiyo. Tarehe 30 Mei, Paris, aliweka rekodi ya dunia ya 5,000 kwa 13:57.2; siku mbili baadaye, Brussels, akawa wa kwanza kukimbia 10,000 chini ya dakika 29, kwa 28:54.2. Gawa kwa raundi 25: sekunde 69 na kidogo kila moja.

Kwa vijana wako anza na 400 mara nane, kwa kasi yao ya 5,000, mara moja kwa wiki, wakikimbia polepole mita 200 katikati. Raundi ikipitwa na ya kwanza kwa zaidi ya sekunde tatu, mwondoe kijana siku hiyo, hata akilalamika. Baada ya wiki tatu ongeza mbili. Na wakikuambia alifanya mazoezi kwa mabuti ya jeshi, ni kweli, lakini usiwaruhusu. Mifupa yao bado inakua.

Niandikie muda wa raundi ya kwanza na ya nane wa kila mmoja, nikupangie wiki zinazofuata.